Kompyuta inalala, uniti zinabaki: mwongozo kamili wa kutumia Sleep na Hibernate nyumbani ili LUKU isikimbie

Wadau, kuna siku nilizima kila kitu ndani ya nyumba, friji nikachomoa, taa zote, TV, feni, chaja za simu, nikaacha kitu kimoja tu kinawaka, kompyuta ya mezani ambayo haikuwa na mtu mbele yake. Alafu nikaenda kusimama kwenye mita na simu mkononi imewekwa saa ya kuhesabu. Ile taa ndogo nyekundu ya mita ikawaka, nikaanza kuhesabu, ikawaka tena baada ya sekunde 43. Nikarudia mara tano, jibu lile lile. Kompyuta ambayo haifanyi kitu, hakuna anayeitumia, inavuta wati 84 muda wote inapowaka.

Kabla ya hapo nyumbani tulikuwa tunailaumu friji, kila uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zikiisha haraka tunasema friji imezeeka inahitaji gesi. Friji ina makosa yake sikatai, lakini kompyuta ilikuwa inawashwa saa kumi na mbili asubuhi na watoto wakijiandaa, inazimwa usiku wa manane au haizimwi kabisa kwa sababu kuna mtu kaacha inadaunlodi na bando la usiku. Mimi kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za watu hapa mtaani, na naona kompyuta nyingi sana za mtumba zile zilizotoka maofisini, watu wanazipenda kwa sababu bei iko poa na ni imara, na karibu zote nikizipokea naona hali za kulala zimezimwa au hazijawahi kuguswa. Kwa hiyo nimeamua niandike yote hapa kwa mpangilio, kuanzia kupima mpaka kuseti mpaka kutatua zile shida ambazo zinafanya watu wakate tamaa waache mashine iwake tu.

Kwanza elewa kompyuta ina namna ngapi za kulala

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, na ukichanganya hapa utapoteza kazi yako siku umeme ukikatika, kwa hiyo soma taratibu.

Ya kwanza ni skrini kuzima peke yake. Boksi la CPU bado linafanya kazi kama kawaida, feni inazunguka, diski inazunguka, monita tu ndiyo imepumzika. Hapo umeokoa wati 20 mpaka 30 hivi za monita, kwangu mimi ilikuwa 26. Watu wengi wakiona skrini nyeusi wanajua kompyuta imelala, hapana, iko macho kabisa.

Ya pili ni kulala kwenyewe, ile Windows inaita Sleep. Hapa prosesa inazimwa, diski inazimwa, feni inanyamaza, kinachobaki na umeme ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, pamoja na vitu vidogo vinavyosubiri ubonyeze kibodi. Madirisha yako yote uliyofungua yako mle ndani ya RAM yanakusubiri, ukigusa kitufe sekunde mbili tatu umerudi ulipokuwa. Kompyuta ya mezani ikilala hivi inakula kati ya wati 2 na 5, laptopu inakula chini ya hapo. Tatizo lake ni moja na kwa huku kwetu ni kubwa: RAM bila umeme inasahau kila kitu. Umeme ukikatika nusu sekunde tu wakati kompyuta ya mezani imelala na haina UPS (lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika), kila ambacho hukusevu kimekwenda.

Ya tatu mimi naita kulala fofofo, Windows inaita Hibernate. Kompyuta inachukua kila kilichoko kwenye RAM inakiandika kwenye diski, alafu inazima kabisa, unaweza hata kuchomoa waya ukahama nayo nyumba ukaenda kuichomeka mkoa mwingine, ukiwasha unakuta dokumenti yako iko wazi kwenye mstari ule ule. Umeme unaokula ni ule wa kompyuta iliyozimwa, yaani wati moja au chini ya hapo kwa mashine nyingi, na ukizima soketi ni sifuri. Kuamka kunachukua muda kidogo, kwenye SSD (diski za kisasa zisizozunguka) sekunde 15 mpaka 30, kwenye hadi diski ya zamani dakika nzima inaweza kupita.

Na ya nne ni mchanganyiko wa hizo mbili, Hybrid sleep. Kompyuta inaandika nakala kwenye diski kwanza, alafu inalala usingizi wa kawaida. Umeme ukiwepo inaamka haraka kutoka kwenye RAM, umeme ukikatika inaamka kutoka kwenye diski na hujapoteza kitu. Kwa kompyuta ya mezani sehemu ambazo umeme unakatika katika, hii ndiyo ya kwako, na nashangaa sana haisemwi.

Laptopu mpya nyingi zina usingizi wa namna nyingine unaitwa Modern Standby, ambapo mashine haizimi prosesa kabisa, inakuwa kama simu, inaendelea kuchungulia intaneti kidogo kidogo. Ndio maana unafunga laptopu unaiweka kwenye begi ukifika kazini unaikuta ya moto na chaji imeshuka. Kwa hizo nitasema cha kufanya huko mbele.

Hatua ya 1: pima kwanza

Usianze kuseti kitu kabla hujajua kompyuta yako inakula nini. Huhitaji kununua kifaa, mita yako inatosha kwa kuanzia. Usoni mwa mita tafuta maandishi yanayosema imp/kWh, nyingi zimeandikwa 1000, nyingine 1600, nyingine namba tofauti. Maana yake taa ikiwaka mara hizo umetumia uniti moja.

Zima vitu vingine vyote, friji usisahau maana inajiwasha yenyewe ikuharibie hesabu. Acha kompyuta imewaka bila kazi yoyote. Hesabu sekunde kutoka taa inapowaka mpaka inapowaka tena. Kama mita yako ni 1000, chukua 3600 gawanya kwa sekunde hizo, jibu ni wati. Sekunde 36 ni wati 100, sekunde 43 ni wati 84 kama mimi. Kama mita ni 1600, badala ya 3600 chukua 2250 ugawanye.

Alafu zima monita peke yake upime tena. Mimi ilienda sekunde 62, yaani wati 58 kwa boksi tupu lisilofanya kitu. Laptopu utaona namba ndogo zaidi, nyingi zikitulia zinakula wati 8 mpaka 20, na zile mashine za gemu zenye kadi kubwa ya grafiki utaona namba ya kukutisha hata ukiwa hujafungua gemu lolote.

Usijaribu kupima usingizi kwa njia hii. Wati 3 ni mzigo mdogo mno, mita nyingine haziuoni kabisa, na hata inayouona utasubiri dakika 20 taa iwake mara moja. Kwa hapo utahitaji kile kipimio cha kuchomeka kwenye soketi, kama una rafiki fundi umeme muazime.

Sasa tufanye hesabu ya pesa. Kompyuta yangu ilikuwa inakaa bure kama saa 18 kwa siku, monita imezimwa, boksi linakula wati 58. Wati 58 mara saa 18 ni 1,044, na kila 1,000 ni uniti moja, yaani uniti moja na kidogo kwa siku, kwa siku 30 ni uniti 31. Kwa tarifu ya kawaida ya majumbani hapa Tanzania, ukijumlisha na kodi na tozo, wakati napiga hesabu hii uniti moja ilikuwa inanijia karibu shilingi 356, kwa hiyo ni kama 11,150 kila mwezi kwa kompyuta ambayo hakuna aliyekuwa anaitumia. Ikiwa imelala kwa wati 3, saa zile zile 18 zinakula uniti 1.6 kwa mwezi, shilingi 580 hivi. Tofauti ni zaidi ya elfu kumi.

Kwa wale walioko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya chini, hili ni kubwa zaidi kwa sababu uniti 31 ni kama asilimia 41 ya kile ulichopewa, na ukivuka 75 bei inapaa. Kuna watu wamepoteza ile bei nafuu na hawajui ni kitu gani kiliwavusha. Mnaotumia tokeni Kenya au Yaka Uganda hesabu ni hiyo hiyo, badilisha tu bei ya uniti weka ya kwenu.

Hatua ya 2: uliza kompyuta inaweza kulala namna gani

Hapa natumia Windows kwa sababu ndiyo iko kwenye mashine nyingi, 10 na 11 zote zinafanana kwa hili. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ndilo dirisha la kuandikia amri, alafu bofya kulia uchague kuifungua kama msimamizi, yaani "Run as administrator". Andika:

powercfg /a

Itakupa orodha mbili, juu zile namna za kulala zinazopatikana, chini zisizopatikana na sababu zake. Ukiona "Standby (S3)" juu, una usingizi wa kawaida. Ukiona "Standby (S0 Low Power Idle)" una ile ya kama simu. Hibernate na Hybrid Sleep nazo ziangalie ziko upande gani.

Kama Hibernate iko chini na inasema haijawashwa, andika powercfg /h on ubonyeze Enter. Haitajibu kitu, hiyo ndiyo dalili imekubali. Kama umewasha na bado haionekani andika powercfg /h /type full, kwa sababu kuna wakati imewekwa kwa kipimo kidogo ambacho kinatosha kuwashia haraka tu. Itachukua nafasi kwenye diski C, kawaida kama asilimia 40 ya RAM yako, RAM ya GB 8 inachukua GB 3 na kidogo. Kama diski yako imejaa mpaka imekuwa nyekundu, futa vitu kwanza.

Kuna hii nakutana nayo kila wiki: mtu kapigiwa Windows mpya, na Sleep haipo kabisa kwenye menyu, ukiandika powercfg /a inakwambia usingizi umezuiwa na kitu kinaitwa vgapnp. Maana yake draiva ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya picha, haijawekwa, Windows inatumia ile ya dharura ambayo haijui kulala. Weka draiva ya kadi yako ya grafiki, restati, Sleep itarudi yenyewe.

Hatua ya 3: panga muda

Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika powercfg.cpl, Enter. Hii inakupeleka kwenye ile paneli ya zamani ambayo ina kila kitu, mimi naipenda kuliko ya kwenye Settings. Kwenye mpango uliochaguliwa bofya "Change plan settings".

Skrini weka dakika 5. Kulala weka dakika 15. Najua kuna watakaosema dakika 15 ni chache, lakini fikiria mwenyewe, ukinyanyuka kwenda kula hurudi kabla ya nusu saa, na ukirudi inaamka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Kama unasoma PDF ndefu bila kugusa mausi weka 20 basi. Zaidi ya nusu saa unaharibu maana ya zoezi.

Sasa bofya "Change advanced power settings", fungua kipengele cha "Sleep". Utaona mambo matatu muhimu.

"Allow hybrid sleep": kwa kompyuta ya mezani weka On. Kama huioni kwenye laptopu ya kisasa usihangaike, zile za S0 hazina.

"Hibernate after": hii ni kwa laptopu zaidi, weka dakika 60. Yaani ikilala saa nzima hakuna aliyeiamsha, inaandika kwenye diski inazima. Kwa zile laptopu zinazochemka kwenye begi hii ndiyo dawa, na unaweza kwenda mbali zaidi, pale kushoto kwenye "Choose what closing the lid does" ukachagua kabisa kwamba ukifunga kifuniko ilale fofofo moja kwa moja. Tangu niwasetie wateja hivyo sijasikia tena mtu analalamika laptopu imefika ofisini imekata chaji.

"Allow wake timers": weka Disable. Hii ndiyo inayoruhusu kompyuta iamke yenyewe saa tisa usiku kufanya apdeti zake, alafu ibaki macho mpaka asubuhi.

Ukimaliza rudi kwenye paneli, bofya "Choose what the power buttons do", alafu "Change settings that are currently unavailable", weka tiki kwenye Hibernate ili ionekane kwenye menyu ya kuzimia. Na hapo hapo badilisha kazi ya kile kitufe cha kuwashia cha boksi, kikibonyezwa mara moja kiwe Hibernate badala ya kuzima. Nyumbani kwangu hiki ndicho kilichofanya kazi kuliko vyote, maana hakuna anayependa kufungua menyu, lakini kubonyeza kitufe kila mtu anajua, hata mdogo wa miaka sita.

Hatua ya 4: hakikisha inalala kweli

Umeseti, ondoka, rudi baada ya dakika 20. Feni kimya? Taa ya boksi inawaka na kuzima taratibu kama inapumua, au imebadilika rangi? Imelala. Kama feni bado inaunguruma kuna kitu kinaizuia, na kompyuta itakwambia ni nani ukiiuliza. Fungua cmd kama msimamizi, andika:

powercfg /requests

Mara nyingi utakuta ni brauza ina tabo inapiga muziki au video imesimamishwa nusu, au programu ya kudaunlodi, au printa, au draiva ya sauti. Ukiona neno kuhusu "audio stream" tafuta tabo inayopiga kelele uifunge. Nimewahi kukuta kompyuta ya mteja hailali miezi kwa sababu maikrofoni ya USB ilikuwa imefunguliwa na programu ya mikutano ambayo inajiwasha yenyewe Windows ikiwaka, tukaiondoa kwenye orodha ya kujiwasha, siku ile ile ikaanza kulala.

Kinyume chake ni ile inayolala alafu inaamka yenyewe. Hapo andika powercfg /lastwake ikwambie nani aliiamsha mara ya mwisho, na powercfg /devicequery wake_armed ikupe orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha. Mshukiwa namba moja ni mausi, hasa zile zisizo na waya, lori likipita barabarani meza inatikisika, mausi inatikisika, kompyuta inaamka. Fungua Device Manager, tafuta mausi yako, bofya mara mbili, nenda "Power Management" uondoe tiki kwenye "Allow this device to wake the computer". Kibodi iachie ruhusa ili uwe na cha kuamshia. Mshukiwa namba mbili ni kadi ya mtandao, nayo toa ruhusa hiyo hiyo isipokuwa kama una sababu ya kuiamsha kutoka mbali.

Kama inalala vizuri lakini ikiamka skrini inabaki nyeusi, kwanza jaribu kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, inaamsha upya draiva ya grafiki. Ikirudi, ujue shida ni draiva, tafuta mpya au wakati mwingine ya zamani zaidi. Ikishindikana kabisa achana na Sleep kwenye mashine hiyo, tumia Hibernate peke yake, inakwepa tatizo hilo mara nyingi na umeme unaokoa ni mwingi zaidi.

Umeme ukikatika: hapa usiruke

Nina jambo lilinitokea nikiwa na binamu yangu aliyekuwa anaandika ripoti ya fildi. Aliandika mchana kutwa, akasevu asubuhi mara moja tu, jioni akanyanyuka kwenda kuswali, kompyuta ikalala vizuri kama nilivyoiseti, umeme ukakatika ukarudi hapo hapo, hata hatukujua. Aliporudi akakuta Windows inajiwasha upya. Wakati ule nilikuwa nimeseti Sleep tupu bila Hybrid. Zile kurasa alizoandika baada ya saa nne asubuhi hazikupatikana, programu ilirudisha kipande tu. Aliandika upya mpaka saa nane usiku na mimi nilikaa naye. Ndio maana nasisitiza Hybrid kwa kompyuta ya mezani, na ndio maana nasema usiku msitumie Sleep, bonyeza kitufe ilale fofofo.

Alafu jaribu mwenyewe kabla haujakutokea. Fungua dokumenti ya majaribio, andika mistari miwili bila kusevu, ilaze kwa Sleep, subiri mpaka feni inyamaze na taa ya diski iache kuwaka, alafu zima soketi. Washa tena. Ukikuta mistari yako miwili ipo, Hybrid inafanya kazi. Kama haipo, rudi hatua ya 2 na ya 3.

Wenye UPS, kuna kitu watu hawakijui. UPS nyingi zina tundu la waya wa USB nyuma, ukiuunganisha na kompyuta Windows inaiona UPS kama betri ya laptopu, kale kapicha ka betri kanatokea pale chini kulia. Hapo kwenye advanced power settings kinaongezeka kipengele cha betri, nenda "Critical battery action" weka Hibernate. Umeme ukikatika na hauko nyumbani, UPS ikikaribia kuisha kompyuta inajiandika kwenye diski inazima yenyewe kwa heshima. Lakini ujue UPS nayo inakula umeme wake saa 24 hata kama kompyuta imezimwa, kwa hiyo usiku zima na yenyewe, au angalau ukisafiri.

Bando la usiku

Hili ndilo linalofanya kompyuta nyingi za vijana zisilale. Bando linaanza saa sita usiku, linaisha saa kumi na mbili asubuhi, mtu anaacha mashine inadaunlodi anaenda kulala, alafu mashine inabaki macho mpaka jioni anaporudi chuoni. Sikatazi kudaunlodi, lakini iwekee mwisho. Fungua Task Scheduler, ile programu ya Windows ya kupanga kazi zifanyike kwa saa, tengeneza kazi mpya, muda weka saa 12 na dakika 5 asubuhi kila siku, ambayo kwenye saa ya kompyuta inaandikwa 6:05 AM, programu ya kuendesha andika shutdown, kwenye nafasi ya "Add arguments" andika /h. Basi, kila asubuhi bando likiisha inalala fofofo. Programu nyingi za kudaunlodi pia zina sehemu ya kuchagua mashine ilale au izime faili zikikamilika, hiyo ni bora zaidi kwa sababu inaweza kumaliza saa nane usiku na isisubiri asubuhi.

Na jamani kuchaji simu kwa kompyuta iliyowashwa kwa ajili hiyo tu, acheni. Chaja ya ukutani inakula wati chache, boksi lako linakula 58 ili lisukume hizo chache.

Maswali ninayoulizwa sana

Kwamba kuwasha na kuzima kunakula umeme mwingi kuliko kuiacha iwake. Si kweli. Kuwaka kunachukua dakika moja au mbili, hata ikivuta wati 100 muda wote huo ni kama sehemu tatu kati ya elfu moja za uniti, yaani sawa na kuiacha ikae bure dakika tatu nne. Ukiondoka zaidi ya hapo umeshapata faida.

Kwamba skrini yenye picha zinazotembea inaokoa umeme. Haiokoi chochote, ile ilikuwa ya kulinda skrini za zamani za kioo kizito zisichorwe alama. Leo inafanya kompyuta ifanye kazi zaidi, zima.

Kwamba Hibernate inaua SSD. Inaandika gigabaiti chache kila ikilala, ni kweli, lakini mara moja au mbili kwa siku kwa matumizi ya nyumbani SSD ya kawaida haitaisha kwa sababu hiyo, utabadilisha kompyuta kwanza.

Kwamba ukizima kwa Shut down unakuwa umezima kabisa. Hapana, Windows kawaida ina kitu kinaitwa Fast Startup, inalaza nusu yake kwenye diski ili iwake haraka. Haina madhara ya umeme, ila ndio maana kompyuta yenye matatizo ukiizima na kuiwasha tatizo linabaki, na uki-restati linaondoka.

Wenye Linux na Mac kwa kifupi

Ubuntu na wenzake: kwenye terminali systemctl suspend inalaza. Andika cat /sys/power/mem_sleep uone imezungushiwa mabano neno gani, ukikuta ni deep uko vizuri, ukikuta ni s2idle ni ule usingizi mwepesi. Hibernate kule inahitaji nafasi ya swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) inayotosha kubeba RAM yako na mara nyingi haijawashwa, ni kazi ya jioni nzima, ukiwa hujazoea zima tu kawaida. Mac ukiifunga inajipanga yenyewe vizuri, ila ikigoma kulala andika pmset -g assertions, inakuonyesha programu inayoizuia.

Soketi na kale kabetri

Kompyuta ikishalala fofofo, monita, spika, printa na UPS bado zinanyonya kidogo kidogo. Ziweke zote kwenye ekstensheni moja yenye swichi, uzime swichi moja. Lakini kwa mashine za mtumba kuna kitu kitakushtua: siku mbili tatu baada ya kuanza kuzima soketi, kompyuta inawaka inasema tarehe ni ya miaka mingi nyuma, na intaneti inagoma kufungua kurasa ikilalamika kuhusu usalama. Haijaharibika. Ni kabetri kadogo ka duara kwenye ubao mama, CR2032, kamekwisha, zamani ulikuwa huoni kwa sababu umeme wa soketi ulikuwa unakashikia nafasi. Kanauzwa madukani bei ya chini, chomoa waya, fungua boksi, sukuma kale kashikio pembeni kanaruka, weka kapya upande wa maandishi juu.

Na waambie wa nyumbani tofauti ya taa, hili ni la lazima, maana ukizima soketi mashine ikiwa kwenye Sleep tupu mtu anapoteza kazi yake. Kwenye monita yetu nimebandika kikaratasi kwa selotepu, binti yangu ndiye aliyekiandika kwa kalamu ya wino mzito: TAA INAPUMUA, USIGUSE SOKETI. TAA IMEZIMA, ZIMA SOKETI.